Gari ya Babu ilikuwa inakwaruzika upande mmoja tu

Fundi alinipigia Jumanne moja asubuhi, niko kwa taksi nimekwama kwa jam ya Kireka, pembeni mwa Kampala, akaanza na salamu ndefu kabisa, za nyumbani, za watoto, za kazi, za mvua, mpaka nikajua hapa kuna kitu. Fundi wa gari hakupigii kukusalimia bana, fundi anapiga akitaka pesa ya spea. Mwisho ndo akasema, "Dada, mimi mzee namheshimu sana, lakini hii gari nimeinyoosha mara ya sita sasa, na kila mara ananiambia nisiwaambie."

Mara ya sita. Sisi tulikuwa tunajua mbili.

Nikamwomba anitumie picha. Alikuwa nazo zote kwa simu, manake mafundi wa siku hizi wanapiga picha kabla na baada ili usije ukawabishia bei. Nikakaa na zile picha mpaka Banda. Bampa ya mbele, pembe ya kushoto. Saidi mira ya kushoto. Mlango wa nyuma, kushoto. Tena saidi mira ya kushoto. Tairi la mbele kushoto limepasuka kwa ukingo wa daraja dogo. Na hii ya sasa, rangi nyekundu ya boda imebaki kwenye bampa, kushoto. Na bado sikuelewa kitu, nilijiambia tu eti si kila mtu anakwaruza kushoto, usukani uko kulia, upande wa kushoto ndo uko mbali na dereva, hata mimi nimewahi kuikwaruza gari ya ofisi hivo hivo kwenye geti.

Babu yangu alizaliwa 1943. Aliingia reli 1962, wakati ule ni East African Railways, akaanza chini kabisa kwa kufuta mafuta, akapanda mpaka akawa dereva wa injini. Jumuiya ilipovunjika 1977 akabaki upande wa Uganda, akastaafu 1998. Ndo sababu sisi nyumbani tunaongea Kiswahili mpaka leo, watu wa Kampala wananiuliza kama mimi ni Mkenya au mtoto wa askari, nawaambia hapana, mimi ni mjukuu wa reli, nyumba za reli Tororo zilikuwa na kila kabila na lugha ya kugombania maji ya bomba ilikuwa ni hiyo moja.

Gari ni Kikumi. Kama uko Uganda huhitaji maelezo, ile Toyota Corolla ya AE100, namba inaanza UAD kwa hiyo jua ni ya zamani. Aliinunua miaka michache baada ya kustaafu na kwa muda mrefu ilikuwa ndo gari peke yake kwetu, upande ule wa barabara ya Malaba, ukitoa pikapu ya mchuuzi mmoja ambaye akilewa halijui geti lake. Nataka uelewe hii gari ilikuwa inafanya kazi gani, bila hivo utatuona sisi wajinga kwa kukaa kimya. Hiyo gari imepeleka wanawake wa uchungu hospitali usiku wa manane, na angalau watoto wawili pale kijijini walizaliwa kwenye kiti cha nyuma. Imebeba maharusi ikiwa na riboni. Imebeba maiti, watu wameketi pembeni wameishika. Mtu akiumwa na nyoka, kengele ni kugonga dirisha la Babu. Hakuwahi kuomba pesa, ukileta ya petroli anachukua, usipoleta anaondoka tu. Sasa wewe nenda umwambie mtu kama huyo alete funguo.

Watoto wake hawakuweza. Baba mkubwa yuko Mbale, ana miaka karibu sitini, ni mwalimu mkuu anayetetemesha shule nzima, lakini mbele ya Babu anaketi kwenye ncha ya kiti kama aliyeitwa ofisini. Shangazi wa Busia alisema ataongea naye Krismasi. Krismasi ikapita. Ba'mdogo akasema wakati ukifika mzee mwenyewe atajua, na kwenye grupu la WhatsApp tukaweka wote alama ya mikono ya kushukuru, kumbe kila mtu anashukuru kwamba si yeye wa kusema.

Wajukuu tuna njia yetu, si unajua, utani. Babu ananiita mke wangu, mimi namwita mume wangu, na kwa utani huo naweza kumwambia mambo ambayo baba zangu hawawezi hata kuyaota. Nikajaribu. Nikamwambia, mume wangu, utaniacha mjane kwa sababu ya hiyo Kikumi. Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Utairithi basi, si unaipenda?" Hapo ndo niliona shida ya utani, unakufungulia mdomo lakini kila unachosema kinageuka kichekesho. Watoto hawasemi kwa sababu ya heshima, wajukuu tunasema na hatusikiki kwa sababu ya mzaha, na gari inaendelea kutoka getini kila asubuhi.

Baada ya ile simu nikaenda Tororo wikendi hiyo hiyo. Sikumwambia kwa nini. Nikamwomba anipeleke sokoni, nikaketi mbele, kiti cha kushoto, kiti cha Bibi.

Lazima niseme ukweli, mikono yake ilikuwa sawa kabisa. Gia zinaingia kama siagi, anaangalia kioo, anatoa indiketa mapema, spidi arobaini na haizidi, taksi zinatupita zinapiga honi na yeye hana habari. (Zile faini za kamera za barabarani za mwezi wa sita 2025, kabla watu hawajapiga kelele mpaka zikasimamishwa kwanza, alifurahi kuliko mtu yeyote niliyemsikia, aliniambia vijana wote wanalipa, yeye hata shilingi.) Kwa hiyo nilianza kujiuliza kama fundi ametia chumvi. Alafu tukafika mahali trela za Mombasa zinajipanga pembeni zikingoja mpaka, na Babu akataka kukata kushoto kuingia njia ya murram, indiketa imewaka, kila kitu sawa, na pale kushoto kabisa kando yetu kuna boda amebeba gunia mbili za mkaa na mama juu ya gunia. Niko namwona mimi. Yuko karibu hivi ningeweza kumgusa. Na Babu anazungusha usukani.

Nilipiga kelele. Akakanyaga breki. Boda akatutukana vizuri sana kwa lugha tatu akaenda zake.

Nilingoja Babu anigombeze kwa kupiga kelele ndani ya gari. Hakugomba. Alikaa kidogo, injini inanguruma, alafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Endelea kuniambia hivo hivo."

Endelea kuniambia. Hapo nikamkumbuka Bibi.

Bibi alikuwa hanyamazi kwenye gari. Tangu tukiwa watoto tumejazana kiti cha nyuma, ilikuwa ni mbuzi hao, mtoto huyo anakimbia, boda kushoto, shimo, polepole, yule mlevi, boda mwingine. Tulikuwa tunamwigiza tukifika nyumbani, tunacheka mpaka tunalia, na mama zetu walikuwa wanasema huyu mama anamchosha mzee wa watu, mtu ameendesha treni miaka yote hiyo unamwonyesha mbuzi. Na Babu hakuwahi hata siku moja kumwambia nyamaza. Bibi alifariki 2022. Nikamuuliza fundi tarehe ya ile picha ya kwanza, akaangalia kwa simu. Miezi mitatu baada ya mazishi. Sisi tulifikiri ni huzuni, tulisema mzee amekuwa na mawazo, mwacheni.

Tororo tuna bahati moja, hospitali ya macho ya Benedictine iko pale pale mjini. Nilimdanganya kwamba mimi ndo naenda kupimwa na naogopa kwenda peke yangu. Nilikuwa naomba Mungu iwe mtoto wa jicho tu, manake mtoto wa jicho anatolewa, unawekewa lenzi, unarudi unaona mpaka nzi. Haikuwa. Ilikuwa glakoma, watu wengine wanasema presha ya macho, na hiyo si mtoto wa jicho, ni kitu kingine kabisa na sikuwa nakijua mpaka siku hiyo. Presha ndani ya jicho inabana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, unakufa polepole, na unaanza na pembeni, si katikati. Haiumi. Ukisoma gazeti unasoma vizuri. Na kitu cha ajabu ni kwamba huoni giza pale palipokufa, ubongo unajaza wenyewe, unachora barabara tupu mahali ambapo kuna boda na mama juu ya gunia za mkaa. Na sisi Waafrika inatushika zaidi kuliko Wazungu na mapema zaidi, kwa hiyo kama una mtu nyumbani amepita arobaini hajawahi kupimwa presha ya macho, mpeleke, hata kama anasoma Biblia bila miwani. Kilichokufa hakirudi. Matone yanalinda kilichobaki.

Walimweka kwenye mashine, kidevu hapa, angalia taa ya katikati, ukiona kanukta kokote pembeni kanawaka bonyeza. Jicho la kulia alibonyeza bonyeza. Jicho la kushoto nilikaa pale nikisikia ukimya. Mpaka nikataka kubonyeza mimi. Daktari akaleta karatasi, kushoto kumejaa weusi kumebaki kama katundu ka katikati, na kulia pia kumeanza kuliwa pembeni. Babu akaiangalia akasema mashine yao imeharibika. Daktari, kijana mdogo tu, hakubishana, akamwambia mzee funika la kulia, niangalie puani, akainua mkono wake pembeni. "Vidole vingapi?" Babu akasema, "Vidole vya nani?"

Hakusema kitu tena mpaka nyumbani. Niliendesha mimi.

Sasa ungefikiri basi imeisha. Lakini daktari alichosema kuhusu gari ni hivi, "Mzee, afadhali usiendeshe." Afadhali. Nikampigia Baba mkubwa nikamwambia kila kitu, akampigia Babu, akamwambia baba, tumeona afadhali upumzike. Shangazi, afadhali utafutiwe dereva. Lugha yetu ina hili neno zuri sana la kutoumiza mtu, na Babu analijua kuliko sisi. Wiki iliyofuata alienda kanisani na gari. Nikampigia, akanijibu, "Afadhali ni ushauri. Mimi nimefanya kazi na signali."

Na permiti ya kuendesha anayo, wala si ya kughushi. Ali-renew akiwa na miaka sabini na tisa, wakampiga picha, wakachukua alama za vidole, akatoka na kadi ya miaka mitano. Aliionyesha kwa kila mtu. Kuna siku alinitolea hiyo kadi mezani kama ndo jibu la daktari. Nikafikiria, serikali inajua kabisa huyu ni mzee, alipofika themanini ikaanza kumpa elfu ishirini na tano kwa mwezi, ile pesa ya wazee ya SAGE, lakini macho yake ni siri yake na Mungu wake mpaka 2027.

Nilisoma sana kipindi hicho usiku, nikitafuta kama kuna nchi wameshapata dawa ya hili jambo. Hawana. Uingereza ukifika sabini una-renew kila miaka mitatu lakini unajaza mwenyewe kwamba uko sawa, sasa nani atajiandikia hayuko sawa? Prince Philip, mume wa malkia, Januari 2019 ana miaka 97, Land Rover yake ikapinduka karibu na Sandringham baada ya kugongana na gari yenye wanawake wawili na mtoto mchanga, mmoja akavunjika mkono, na ni mwezi uliofuata ndo akarudisha leseni. Miaka 97 jamani, na nyumba imejaa madereva! Yaani haikuwa shida ya usafiri. Japani ndo angalau wamekaza, ukifika 75 unapimwa akili na kumbukumbu kabla ya kupewa nyingine, na ukirudisha leseni mwenyewe kwa hiari wanakupa cheti ambacho sehemu nyingi kinakupunguzia nauli. Hata hivo Aprili 2019, Tokyo, mtaa wa Ikebukuro, mzee wa miaka 87 aliua mama na mtoto wake wa miaka mitatu kwa gari. Hiyo habari niliisoma saa nane usiku na sikulala tena. Niliwaza mama wa juu ya gunia.

Aliyemaliza jambo hakuwa mimi wala daktari. Ni mzee mwenzake wa reli, walikuwa wanapanda injini moja, Babu dereva na yeye faya, mtu wa moto. Anaishi Nagongera, anatembea na fimbo, miwani yake ni mizito kama chini ya chupa. Nilimfuata mpaka kwake nikamweleza, akasema nipeleke. Tulikuta Babu chini ya mwembe. Wakanywa chai, wakaongea mazishi ya watu, bei ya mahindi, nikafikiri amesahau tumekuja kufanya nini. Alafu akasema, siandiki kwa ufundi, naandika nilivyosikia:

"Unakumbuka mwaka wa sabini na sita waliponipima macho?"

"Nakumbuka."

"Nilishindwa ubao. Wakanishusha kwa injini siku hiyo hiyo, wakanitupa yadi nishanti mabehewa, kuyasogeza mbele na nyuma tu. Nilikuwa na watoto watatu. Nilikuja kwako jioni ukasemaje?"

Babu akanyamaza.

"Ulisema reli ina haki. Hukusema afadhali. Asubuhi yake ukapanda injini na faya mwingine, ukanipigia honi ukipita yadi."

Nilitamani ardhi inimeze, kikombe nimekishika sijui nikiweke wapi. Babu aliangalia gari, ilikuwa imepaki pale pale karibu na kuku. Hakusema ndio. Alimmiminia mwenzake chai nyingine, akaweka sukari vijiko vitatu bila kuuliza, na wakarudi kwa mahindi. Jioni, yule mzee akiwa ameshaondoka, Babu akampigia simu fundi, si Baba mkubwa, si mimi niliyekuwa nimekaa pale mbele yake. Akamwambia, "Kuja chukua funguo." Nafikiri alimchagua fundi kwa sababu fundi ndo alitunza siri yake. Au labda kwa sababu fundi alimsaliti, na alijua. Sijamuuliza.

Mambo ya usafiri yalikuwa rahisi kuliko tulivyoogopa, nayapitia haraka. Kuna boda mmoja wa steji ya pale, kijana wa kanisani kwao, tunamtumia pesa kwa mobaili mani kila wiki, anampeleka mjini na kumrudisha. Jumapili binamu yangu anakuja anaendesha Kikumi, Babu anaketi mbele. Ukipiga hesabu ya insurensi, petroli, na yale matengenezo sita, tunaokoa.

Kilichokuwa kigumu hatukukifikiria kabisa. Mwezi wa pili hivi baada ya funguo kuondoka, saa tisa usiku, wakagonga dirisha. Binti wa jirani, uchungu umeanza, wamemleta na baiskeli mpaka getini. Na Babu amesimama pale na singlendi yake, gari iko nje, funguo iko kwa fundi mjini. Aliwaitia boda, boda akachelewa, akaja, binti akafika hospitali, mtoto mzima, wa kiume. Lakini Babu hakulala. Alinipigia saa kumi na moja alfajiri na hakuwa na la kusema, alikuwa anasema tu, "Wamembeba na boda. Wamembeba na boda, mke wangu." Nikamwambia lakini Babu wamefika. Akasema anajua wamefika.

Ba'mdogo alitaka tuiuze Kikumi, mteja yupo. Nilikataa, na kwa mara ya kwanza nilisema hapana bila utani na bila afadhali. Funguo tukaomba irudi nyumbani, binamu akae nayo karibu, ili usiku kama ule kuwe na mtu wa kuendesha. Fundi anakuja mara moja kwa mwezi kuangalia maji na betri.

Wiki iliyopita akanipigia tena. Salamu ndefu, za nyumbani, za watoto, za mvua. Nikamwambia fundi, sema. Akasema, "Dada, hakuna mkwaruzo. Kushoto kuko safi kabisa. Ila mimi huwa naandika maili kila nikija, na binamu anasema Jumapili mbili hawakutoka. Gari imeongeza kilomita mbili."

Nikampigia mume wangu. Nikamuuliza, Babu, umeendesha?

"Sijaendesha," akasema. "Nilikuwa nashanti tu. Mwembe mpaka geti, geti mpaka mwembe."